Mshipa ukigoma, mfupa upo: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya vifaa tiba Nyanda za Juu Kusini

Waheshimiwa waganga wakuu wa mikoa na wilaya, wakurugenzi wa halmashauri, na wote mnaoshika kalamu inayoamua kipi kinunuliwe na kipi kisubiri,

Kamwene.

Mimi ni afisa tabibu. Nimetumika kwenye vituo vya afya vya milimani miaka kumi na minne, na mingi kati ya hiyo ni huku juu ambako mwezi wa sita ukifungua mlango alfajiri unakuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa sakitu. Kituo changu sikitaji. Ninaloliandikia halihusu kituo kimoja, na sitaki mganga mfawidhi wangu aitwe kujieleza Jumatatu.

Naomba sindano ya mfupa. Siombi jengo wala gari. Naomba sindano nene, fupi, yenye kishikio cha kiganja na msumari mwembamba ndani yake, ambayo mtaalamu huisukuma kwa mkono hadi ndani ya mfupa wa mguu, akautoa ule msumari, akafunga dripu. Basi. Nitaeleza kwa nini, na mtanivumilia nikirefusha, maana nimelikalia jambo hili muda mrefu.

Ilikuwa siku ya gulio, baridi kali. Mama mmoja aliletwa na bodaboda akiwa amemfunga mtoto kifuani ndani ya khanga mbili na blanketi. Mtoto wa mwaka na miezi miwili, siku tatu za kuhara na kutapika. Macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inakaa imesimama kama karatasi, mikono ya baridi mpaka kwenye viwiko. Hakuwa akilia. Wenzangu wa wodi ya watoto mnajua mtoto asiyelia anamaanisha nini.

Mwongozo tunao ukutani: mpango C, wa mtoto aliyekaukiwa maji vibaya: maji ya dripu ya Ringa mililita 100 kwa kila kilo ya uzito, na kwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja, mililita 30 za kwanza kwa kila kilo ziingie ndani ya nusu saa. Ringa ilikuwepo. Kanyula ndogo za njano, zile za kuacha mshipani kupitishia dripu, zilikuwepo. Plasta, mipira ya dripu, hata stendi ya chupa ambayo kwa kawaida huwa imeazimwa na wodi ya wazazi, siku hiyo vyote vilikuwepo. Mshipa ndio haukuwepo. Mwili ukikaukiwa maji huvuta damu kuelekea moyoni na kwenye ubongo, na mishipa ya mikono na miguu hulala. Ongeza baridi ya huku kwetu, inayoifunga mishipa hata kwa mtu mzima mwenye afya, utakuwa unatafuta uzi mweupe kwenye pamba.

Tulichoma mikono. Tukachoma miguu. Tukanyoa upande mmoja wa kichwa kwa wembe tukachoma na huko. Mara tisa. Katikati ya hayo tulipitisha mrija wa pua ili tumpe maji ya chumvi na sukari taratibu, kama mwongozo unavyoelekeza dripu ikishindikana, mililita 20 kwa kilo kwa saa. Mrija wa pua umeokoa watoto wengi na siudharau hata kidogo. Lakini huyu alitapika yote, tumbo likajaa kama ngoma, na dakika zilikuwa zinakwenda. Saa ya ukutani ilionyesha tumeshatumia dakika thelathini na tano.

Ndipo akaja muuguzi mkunga mmoja kutoka chumba cha kujifungulia, mama mtu mzima aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Alitutazama, akasema, "Wanangu, acheni kumtoboatoboa. Nipeni sindano nene kuliko zote mlizo nazo."

Alishika mguu wa mtoto, akapapasa kinundu kilicho chini ya goti, akashuka upana wa kidole kimoja na kwenda upande wa ndani, pale muundi ulipo bapa na hauna nyama juu yake. Akapaka spiriti. Mama wa mtoto akashtuka: "Dada, unamtoboa mtoto wangu mfupa?" Akamjibu bila kuinua macho: "Mama, mfupa unapona. Nivumilie kidogo nimpate."

Sindano ile ilikuwa ya kawaida, ya kuvutia dawa. Iliingia, lakini tundu lake likazibwa na kipande cha mfupa, kama mrija unaouchomeka kwenye udongo. Akaitoa. Sasa mfupa ule ulikuwa umeshatoboka, na ukirudia mfupa uleule maji huvujia nyamani kupitia tundu la kwanza, kwa hiyo alihamia mguu wa pili. Hapo alikuwa amebakiza nafasi moja tu. Ilikubali. Alivuta kidogo kwa bomba la sindano, likatoka tone zito la damu iliyochanganyika na uboho, na tone hilohilo tukalipima sukari. Kisha tukaanza kusukuma Ringa kwa bomba la mililita 20, kwa zamu, kila mmoja kwa mkono wake, kwa sababu ndani ya mfupa maji hayateremki kwa kasi yenyewe yakiachwa yadondoke.

Nusu saa baadaye mtoto alilia. Saa moja na nusu baadaye mshipa wa mguu uliinuka, tukaweka kanyula, tukaitoa sindano ya mfupa na kufunga kidonda. Mtoto yule sasa anasoma shule ya msingi, na mama yake akija kliniki na mdogo wake huwa ananionyesha kwa kidole. Mimi kila nikimwona nafikiria ule mguu wa pili. Je, na kule sindano ingezibwa?

Msumari ule wa ndani niliousema mwanzoni kazi yake ndiyo hiyo: kuzuia mfupa usiingie kwenye tundu. Kishikio kinakupa nguvu ya kuzungusha na kusukuma bila kuteleza. Kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha huduma za watoto hospitalini kinaruhusu sindano ya kawaida pale ambapo ile yenyewe haipo, na ndicho alichofanya yule mama. Lakini kuna tofauti ya kukosa kwa bahati mbaya na kukosa kila mwaka.

Jambo lenyewe si geni. Uboho umejaa mishipa midogo inayomwaga kwenye mishipa mikubwa ya damu, na kwa kuwa imezungukwa na mfupa mgumu, haiwezi kulala hata mwili ukikaukiwa. Mfupa ni mshipa uliojengewa ukuta. Mwaka 1922 watafiti wa Marekani walikuwa wameshaonyesha jinsi damu inavyozunguka ndani ya uboho, na kufikia miaka ya 1940 madaktari walikuwa wakiwapa wagonjwa maji na damu kwa njia hiyo, wakiwemo askari wa Vita vya Pili vya Dunia. Zikaja kanyula za plastiki, ikasahaulika. Kilichoirudisha ni kipindupindu. Daktari wa watoto wa Marekani, James Orlowski, aliwaona madaktari wa India wakiwawekea wagonjwa wa kipindupindu dripu za mfupani, akarudi kwao na mwaka 1984 akaandika kuwahimiza wenzake waifufue. Leo Ulaya na Marekani gari la wagonjwa lisilo na kifaa hiki linaonekana pungufu. Yaani walijifunza kwa watu wenye shida kama zetu, na sisi tunaambiwa ni teknolojia ya kwao.

Nimeambiwa hivyo kweli. Wakati mmoja, kwenye kituo nilichokuwa kabla ya hiki, niliandika sindano ya mfupa kwenye maombi ya vifaa ya kila robo mwaka, mara tatu mfululizo. Mara ya kwanza mstari wangu ulirudi umekatwa bila maelezo. Mara ya pili uliandikwa "haihitajiki ngazi hii". Mara ya tatu nilipiga simu ofisi iliyohusika, ambayo siitaji, na kijana mmoja mwenye adabu akaniambia: "Kaka, hicho ni kifaa cha hospitali za rufaa." Nikamuuliza, mgonjwa wa rufaa anaanzia wapi safari yake? Tukaagana vizuri.

Hesabu yao ilikuwa kichwa chini miguu juu. Hospitali ya rufaa ina mtaalamu wa usingizi, ina mashine ya kuonea mishipa, ina daktari wa upasuaji anayeweza kupasua kifundo cha mguu na kuutoa mshipa ulipo. Pale sindano ya mfupa ni njia ya nne au ya tano. Kwetu ni ya pili. Baada ya kanyula kuna hiyo, halafu kuna mchungaji.

Najua wengine wenu mtasema kifaa hiki ni ghali. Inategemea mnazungumzia kipi. Kuna kile cha betri, kama drili ndogo, kinachoingiza sindano kwa sekunde chache. Nimekishika kwenye mafunzo, ni kitamu mkononi, na sikiombi. Sindano zake ni za mashine hiyohiyo tu, bei ya moja ni mara nyingi ya ile ya mkono, na kile nilichokishika betri yake imefungiwa ndani. Ikiisha hakuna kuichaji, unanunua mashine nyingine. Kipelekeni hospitali ya kanda. Kituo cha afya kipewe ile ya mkono, ambayo haijui kama umeme umekatika au mvua imekata barabara. Mtoto mdogo mfupa wake ni laini, hauhitaji drili. Mtu mzima ni kazi zaidi, inatoa jasho, lakini inawezekana.

Wengine, hasa madaktari wa watoto, mtanitajia utafiti wa FEAST, na mtakuwa sahihi kunitajia. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliofanyika Uganda, Kenya na hapa kwetu Muheza, kwa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi: kama asilimia 10.5 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wale ambao hawakupewa maji ya haraka. Matokeo yale yalibadilisha namna tunavyotibu, na ninayafuata. Ila watoto wa kuhara hawakuwemo kwenye utafiti ule, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua. Na sindano ya mfupa si amri ya kumwaga maji. Ni mlango. Unaweza kuupitishia maji, damu, glukosi kwa mtoto aliyeishiwa sukari, dawa ya degedege, adrenalini, antibayotiki; karibu kila kinachopita kwenye mshipa. Kiasi gani na kwa kasi gani, hilo ni la kichwa cha mtaalamu.

Nisije pia nikaonekana nauza dawa ya maajabu. Mwaka 2024 zilitoka tafiti mbili kubwa, moja ya Uingereza na moja ya Denmark, kwa watu wazima ambao moyo ulisimama wakiwa nje ya hospitali. Kuanza na mfupa hakukuokoa wengi zaidi kuliko kuanza na mshipa. Sishangai. Kama mshipa upo na unaupata, chukua mshipa. Mimi naandika kuhusu saa ile ambayo haupo.

Na saa hiyo si ya watoto peke yao. Anayeishi kati ya Kitonga na Tunduma anajua barabara hii inavyokula watu. Mteremko wa Kitonga, Inyala, Mlima Nyoka, Iwambi: majina haya tunayasikia redioni mara nyingi kuliko majina ya wabunge wetu. Mtu aliyebanwa na usukani wa lori, damu imemwagika, unamfikia akiwa ameegemezwa kwenye ngema la barabara, mishipa imelala, mvua inanyesha, mwanga ni wa tochi ya simu. Mwaka fulani nilimsindikiza mmoja wa namna hiyo kwenye gari la wagonjwa. Nilijaribu mikono yote miwili huku gari likikata kona. Sikupata. Alikuwa utingo, kijana, aliniomba maji ya kunywa mara mbili. Alifika hospitali akiwa ameshafariki. Sisemi sindano ya mfupa ingemwokoa, kwa sababu sijui alikuwa anavuja wapi ndani. Nasema sikuwa na kingine cha kujaribu.

Kuna pia mama anayetoka damu baada ya kujifungua. Ninyi wenyewe mmeleta mfumo wa m-mama, mtu anapiga 115 na gari linatafutwa, hata la dereva wa kijijini. Ni jambo jema na limetusaidia sana. Sasa fikirieni yule mama ndani ya gari lile, kutoka vijiji vya Ludewa au milima ya Ileje, njia ni vumbi kiangazi na tope masika, kanyula imechomoka kwenye bonde la kwanza na mshipa mwingine hauonekani. Mnajua urefu wa njia zenyewe.

Kuhusu mafunzo, nusu siku inatosha kuanzia. Mazoezi hufanywa kwenye paja la kuku mbichi, na kwa mfupa mgumu zaidi tunatumia mguu wa nguruwe, kitu ambacho Mbeya na Iringa hakiwezi kukosekana bucha hata siku ya mfungo. Unasukuma kwa kuzungusha, unasikia mfupa unaachia ghafla, sindano inasimama yenyewe bila kushikwa. Ukifanya mara tano mkono unakumbuka. Kinachohitaji kufundishwa kwa msisitizo ni makatazo yake: usichome mfupa uliovunjika, usichome penye kidonda au jipu, elekeza sindano mbali na goti usije ukaharibu sehemu ambayo mfupa unakulia, tazama shavu la mguu, nyuma chini ya goti, mara kwa mara kama linavimba, na usiiache muda mrefu. Kitabu nilichokitaja kinasema kwa mtoto isizidi saa nane. Mfupa ukiingia uchafu ni ugonjwa wa miezi. Kwa mgonjwa mwenye fahamu, kabla ya kusukuma maji weka lignokaini, dawa ya ganzi, polepole, maana kuchoma kwenyewe huvumilika lakini yale maji yakiingia kwa nguvu yanauma kweli. Lignokaini tunayo.

Kuna jambo moja ambalo halitatoka kwenye mwongozo wowote. Watu wa Mbeya wa rika langu wanakumbuka habari za wachuna ngozi, na hadithi za mumiani zilikuwepo kabla yetu. Siku tutakapoanza kuwatoboa watoto mifupa na kuvuta uboho kidogo kuhakikisha tupo mahali pake, kuna kijiji kitasema tunachukua kitu. Msilipuuze hili kwa kuwa linachekesha mkiwa ofisini. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii waelezwe kwanza, wazee wa kijiji waione hiyo sindano, waishike. Yule mama wa siku ya gulio alikubali kwa sababu alimwamini aliyekuwa ameshika mguu wa mtoto wake, ndiye aliyemzalisha.

Mkishakubali, tafadhali msilete sindano peke yake. Tumeshapewa mashine zisizo na waya na waya zisizo na mashine. Kila sindano ije na koki ya njia tatu na mpira mfupi wa kuunganisha, mabomba ya mililita 20 na 50 yawe ya kutosha, na kwa watu wazima uwepo mfuko wa kubana dripu. Huwa tunazungusha mkanda wa kipimo cha presha kwenye mfuko wa maji tukaupuliza, inafanya kazi, ila chupa ngumu za plastiki tunazoletewa mara nyingi hazibanwi. Ukubwa wa sindano uwe angalau wa aina mbili, ya mtoto na ya mtu mzima. Ndefu mno kwa mtoto hutokea upande wa pili wa mfupa.

Na jambo la tarehe. Najua sindano hizi zitakaa. Kituo kidogo kinaweza kumaliza miezi bila kuigusa hata moja, kisha mkaguzi akaja, akakuta zimebakiza wiki tatu, akaandika kwamba kifaa hakina matumizi. Wekeni utaratibu: zikibakiza miezi sita zihamie hospitali ya wilaya ambako wagonjwa ni wengi, kituo kipewe mpya. Kifaa cha kuzimia moto nacho hukaa ukutani mpaka rangi inapauka, na sijaona mkaguzi anayekiandika kwamba hakitumiki.

Nne kwa kituo, mbili za kila aina. Mbili kwa kila gari la wagonjwa. Hicho ndicho ninachoomba kwa kuanzia, na kama nne ni nyingi nianzieni na mbili.

Yule mkunga alishastaafu. Anafuga kuku na analima viazi, na akinikuta gulioni bado ananiita "mwanangu". Mwezi uliopita nilimwomba aje kituoni siku moja awaonyeshe vijana wapya pa kushika. Alikubali, akaniuliza kama safari hii sindano zenyewe zipo. Nikamwambia aje na kuku.

Maombi ya robo ijayo nayatuma mwisho wa mwezi huu. Mstari wa kumi na saba.

Wenu katika kazi,
Afisa tabibu, kituo cha afya cha milimani, Nyanda za Juu Kusini